Kabla ya Kuihukumu Stata

Katika misukosuko yote ambayo gari kuukuu huweza kumtia mwenyewe, sijui ulio mzito moyoni kuliko ule wa kuzungusha ufunguo alfajiri, mizigo imekwisha kupangwa na abiria wamekwisha kuketi, kisha injini isijibu neno ila "tki" moja ya mkato, kama mtu aliyetumwa kazi akafyonya. Jambo hilo lilinifika Mikumi mjini, pale barabara ya Kilosa inapoachana na barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa, nikiwa na pikapu yangu ya Toyota Hilux ambayo umri wake unakaribia umri wa kitinda mimba wangu, naye sasa ana watoto wawili. Kabla sijashuka kufungua boneti walikwisha kukusanyika watu watatu, na wote watatu walikwisha kukata hukumu. "Stata hiyo, mzee. Imekufa." Nami, kwa haraka ya safari na kwa kuheshimu wingi wa mashahidi, nikakubali, nikanunua stata nyingine, ikafungwa, gari likawaka, nikashika njia ya Kilosa kwa furaha. Siku ya tatu stata ile mpya nayo ikafyonya.

Taksiri haikuwa ya stata ya kwanza wala ya pili. Waya mfupi uunganishao upande hasi wa betri na mwili wa injini ulikuwa umeoza ndani ya ngozi yake, na kichwa chake kimeota chumvi ya kijani pale kilipofungwa kwa bolti. Waya ambao bei yake haifiki sehemu ya kumi ya fedha niliyotoa. Fundi wa kwanza alipokuwa akifungua na kufunga aliusukuma waya ule kwa kiwiko bila kujua, ukashika kwa siku tatu, akapata sifa isiyokuwa yake. Simlaumu, maana mimi ndiye niliyemlipa abadilishe stata, naye akabadilisha. Ila tangu siku hiyo nimejiwekea sharti, nami nalitoa kwa kila mwenye gari la miaka mingi katika wilaya hii yetu ya Kilosa: stata na iwe ya mwisho kushitakiwa, na isitolewe mahali pake kabla betri na nyaya hazijatoa ushahidi wao.

Ili kuujua ushahidi huo yafaa kwanza kuijua kazi ya stata yenyewe. Zamani, malori yalipowashwa kwa hendeli, utingo alisimama mbele ya gari akiuzungusha mhimili wa injini kwa nguvu za mkono, na injini iliyokurupuka kabla ya wakati wake iliweza kukirudisha chuma kile nyuma na kumvunja mkono. Mwaka 1911 Mmarekani mmoja, Charles Kettering, alitengeneza stata ya umeme iliyofaa, na magari ya Cadillac ya 1912 yakaja nayo, na utingo akapumzika. Stata ni mota ndogo ya umeme yenye kazi kubwa ya muda mfupi. Katika gari dogo la petroli hunywa ampia 100 hadi 200 wakati wa kuzungusha injini, na katika dizeli hunywa zaidi, ilhali taa moja kubwa ya mbele haifiki hata ampia 5. Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Mtu huwasha taa, akaziona zinang'aa, akasema betri ni nzima na nyaya ni nzima. Kumbe njia itoshayo kulisha taa haitoshi kulisha stata, kama vile mfereji utoshao kunywesha mbuzi usivyotosha kunywesha shamba la miwa la Kidatu.

Juu ya stata hupakatwa kopo dogo ambalo mafundi huliita solenoidi, nalo lina kazi mbili kwa wakati mmoja: husukuma kigurudumu cha meno, ambacho mafundi hukiita bendiksi, kikaume meno ya flaiwili ya injini, na papo hapo hugusanisha vipande viwili vya shaba nzito ili umeme mwingi wa betri uingie katika mota. Kigurudumu cha stata kina meno machache, kama 9 au 10 au 11, na flaiwili ina meno zaidi ya 100, ndiyo sababu mota ndogo hupata nguvu ya kugeuza injini nzima. Injini ikisha kuwaka, bendiksi huachia na kurudi nyuma. Nusu ya maradhi yote ya stata yanaeleweka kwa mtu aliyeshika habari hizi chache.

Sasa sikiliza gari lako, maana lina lugha yake. Likisema "ta-ta-ta-ta" kwa haraka, taa za dashibodi zikififia kila mara, aghalabu hiyo ni betri dhaifu au kichwa cha waya kilicholegea, wala si stata. Likisema "tki" moja nzito kisha kimya, ama umeme mwingi haufiki, ama shaba za ndani ya solenoidi zimelika, ama makaboni, yaani brashi za mota, yamekwisha. Likilia "wiii" jepesi kama cherehani isiyo na kitambaa, mota inazunguka lakini bendiksi haishiki. Likisaga kama mawe kinuni, meno ya bendiksi au ya flaiwili yameharibika, na hapo usirudie mara ya pili, kwa maana kila jaribio hula jino. Na stata ikiendelea kulia baada ya ufunguo kuachiwa, usisimame kustaajabu: chomoa waya wa betri upesi, kwani shaba za ndani zimeng'ang'aniana, na stata isiyokoma huweza kuwasha moto. Kimya kabisa, bila hata "tki", kina sababu nyingine nyingi: fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo, au ule waya mwembamba uendao kwenye solenoidi uliochomoka kwa mtikisiko wa barabara, na katika gari la gia otomatiki, jaribu kuwasha lever ikiwa N badala ya P kabla hujamwita mtu.

Mwenye multimita ana kadhi wake mkononi. Betri nzima iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 ina nusu tu ya shehena yake, na huna haki ya kuihukumu stata kwa betri ya namna hiyo. Mwenzako akizungusha ufunguo, kipimo kisishuke chini ya volti 9 na nusu. Kisha fanya kipimo ambacho laiti ningalikijua siku ile ya Mikumi: ncha moja ya multimita iweke kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, juu ya risasi, si juu ya kibanio chake, na ncha ya pili kwenye chuma safi cha injini, halafu mwenzako azungushe ufunguo. Kipimo kikizidi nusu ya volti, waya wa hasi unakuibia. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi nati ya waya mnene kwenye stata. Asiye na multimita achukue waya wa kubustia, abane upande mmoja kwenye hasi ya betri na upande wa pili kwenye chuma cha injini, ajaribu kuwasha. Gari likiwaka, mwizi amejulikana. Na hata asiye na waya wa kubustia ana vidole: baada ya kujaribu kuwasha kwa sekunde chache, gusa kwa tahadhari kila kiungo cha nyaya nene, kiungo kilichopata moto ndicho kibovu.

Wengi watauliza habari ya nyundo. Ni kweli kwamba kuigonga stata kwa kipande cha mti au nyuma ya spana, mwenzako akizungusha ufunguo, huweza kuifufua, kwa sababu makaboni yaliyolika husogea kidogo yakagusa tena. Lakini nyundo ni shahidi tu, haitibu. Stata iliyoinuka kwa kugongwa imekiri ugonjwa wake, nayo inakupa siku, pengine saa. Fauka ya hayo, yafikiri mahali petu. Atokaye Morogoro, akiisha kupita Doma, ana takriban kilomita 50 za barabara ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambayo imekuwapo tangu 1964, na humo tembo na nyati hukatiza lami kwa miadi yao wenyewe. Hapo si mahali pa kushuka na kuwaambia abiria wasukume. Ikiwa stata yako imefufuliwa kwa nyundo kabla ya Doma, usizime injini mpaka Mikumi mjini, hata ukiona twiga wazuri namna gani. Kusukuma gari la gia za mkono, gia ya pili ikiwa ndani, kunajuzu katika mteremko wa kijijini. Gari la otomatiki halina njia hiyo kabisa.

Stata ikisha kupatikana na hatia kwa haki, lipo swali la pili: itengenezwe au inunuliwe nyingine? Mimi huanza na kutengeneza. Mikumi, kwa kuwa ni kituo cha malori yaendayo nyanda za juu na Zambia, haikosi mafundi umeme wenye mikono mizuri, nao hufungua stata, wakabadilisha makaboni, wakasafisha shaba, wakatia grisi bendiksi, na stata ikarudi kazini kwa gharama ndogo. Nimewaona wakichukua kaboni za mota kubwa zaidi na kuzisugua kwa msasa hadi zikaingia. Kazi hiyo si ya kudharauliwa, ila hakikisha kaboni hiyo inateleza ndani ya kibanio chake bila kukwama. Stata za Denso katika Toyota za miaka ya 1980 na 1990 zina ugonjwa wao mashuhuri, nao ni kulika kwa vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi. Vipande hivyo huuzwa peke yake, na ni kosa kutupa mota nzima kwa ajili yake. Lakini waya za ndani zikiwa zimeungua, ambazo utazijua kwa harufu na weusi wake, au bushi zikiwa zimelegea hata mhimili unacheza, nunua nyingine.

Kuhusu kununua, mji wa spea ni Dar es Salaam, na soko lake ni Kariakoo, hususani mtaa wa Gerezani. Na tangu 2024 treni ya reli ya kisasa husimama Kilosa, hata ndugu aliye mjini huweza kukuletea stata mkobani. Yenye jina kubwa kwenye boksi si lazima iwe ya jina hilo. Kwa gari la umri mkubwa mimi hupendelea stata ya mtumba iliyotoka kwenye gari zima kuliko mpya ya bei ya kutupa, mradi muuzaji akubali ijaribiwe mbele yangu. Akisema haijaribiwi, namwaga kwa upole. Chukua ya zamani uende nayo, au umpe anayekununulia, zilinganishwe zikiwa zimelala bega kwa bega: matundu ya bolti, idadi ya meno ya bendiksi, urefu wa pua, upande izungukiao, na volti, 12 au 24, jino moja likizidi au likipungua, stata hiyo si yako.

Kazi ya kuibadilisha si ngumu kwa mtu mwenye subira, nami niliifanya kwa mkono wangu mwaka wa pili baada ya ule msiba wa kwanza, stata ilipokufa kwelikweli katikati ya Ulaya na Kilosa. (Mgeni asishangae: Ulaya yetu ni kijiji, na hakihitaji pasipoti.) Nyumbani Kilosa, chini ya mwembe, gari likiwa limepoa, niliweka hendibreki na mawe makubwa mbele na nyuma ya matairi, na pikapu ikakaa juu ya stendi madhubuti, jeki pekee si kitu cha kuaminiwa na mtu mwenye mke na watoto. Kisha lile la kwanza kabla ya yote: chomoa waya wa hasi wa betri, uufunge kwa kitambaa, uuweke mbali. Waya mnene uendao kwenye stata hutoka betrini moja kwa moja, katika magari mengi bila fyuzi, nao una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Mpwa wangu aliyekuwa akinisaidia alikuwa amelisahau jambo hilo siku moja katika gari la rafiki yake, spana yake ikagusa nati ya waya huo upande huu na chasisi upande ule, cheche zikaruka, na spana ikatoka imeng'atwa mdomo kama mhogo uliong'atwa na panya. Bado anayo. Alivua na pete siku hiyo, wala hajaivaa tena akishika injini.

Kabla ya kufungua chochote piga picha ya nyaya kwa simu, kwani utakapolala chini saa nne baadaye kumbukumbu itakuwa imekimbia. Katika Toyota nyingi za zamani nati ya waya mnene ni ya spana namba 12 na bolti mbili zishikazo stata ni namba 14. Waya mwembamba huchomolewa kwa kubana kikufuli chake, si kwa kuvuta waya. Bolti ya chini huonekana. Ya juu haionekani, na hapo ndipo kazi nzima ilipo. Niliipaka mafuta ya kulainisha kutu jioni ya kuamkia, kisha asubuhi nikapitisha mkono wa kushoto juu ya gia boksi, shavu langu likigusa bomba la ekzosi, nikaitafuta kwa ncha za vidole kama mtu atafutaye shilingi mchangani, mpaka kichwa cha bolti kikakaa katikati ya kidole cha shahada na cha kati. Kwa mkono wa kulia nikaongoza soketi yenye mkono mrefu ifuate vidole. Usilazimishe. Soketi iliyokaa nusu hula kona za bolti, na bolti iliyokwisha kuwa ya mviringo itakupeleka kwa mchomeleaji. Ikilegea, usiitoe yote kabla ya kuweka mkono chini ya stata: ina kilo 4, 5, au zaidi, na uso wako uko chini yake.

Tundu likiwa wazi, usifanye haraka ya kulifunga. Mulika kwa tochi meno ya flaiwili, mwenzako akigeuza injini polepole kwa spana kwenye puli ya mbele. Injini ya silinda nne ina tabia ya kusimama mahali pawili palepale kila inapozimwa, hivyo meno ya sehemu hizo mbili hulika kuliko mengine. Yakiwa yamevunjika, stata mpya italiwa nayo, na afadhali uyajue sasa. Angalia pia vumbi na oili. Kiangazi barabara ya Mikumi hadi Kilosa hufanya kila kitu chekundu, na masika maji ya vivuko hupanda hadi tumboni mwa gari. Stata yangu ilitoka na udongo uliogandamana kama tofali, kwa sababu oili ilikuwa ikivuja juu yake na vumbi likapata mahali pa kukaa. Ziba uvujaji huo, ama sivyo unaifungia mpya kaburi la ile ya zamani.

Stata unayotaka kuifunga ijaribiwe chini kwanza. Ikanyage kwa kiatu kizito au ibane kwenye jiliwa, kwa sababu itaruka. Waya wa kubustia wa hasi ubane kwenye mwili wake, wa chanya kwenye kijiti kinene, kisha kwa kipande cha waya gusisha kijiti kinene na kile chembamba. Bendiksi iruke mbele kwa kishindo na izunguke bila kukwaruza. Baada ya hapo sugua kwa msasa uso wa stata na uso wa gia boksi zinapokutana, mpaka chuma king'ae, maana hasi ya stata hupita hapo hapo. Rangi na kutu ni ukuta. Wosha nyembamba zilizotoka zirudi zilikokuwa. Ingiza bolti zote mbili kwa vidole kabla ya kukaza yoyote. Nati ya waya mnene kaza kwa adabu, kwani kijiti chake kimeshikwa na plastiki na hupasuka, kisha rudisha kofia yake ya mpira, na nyaya zifungwe mbali na ekzosi. Betri hurudishwa hivi: chanya ikiwa ilichomolewa, itangulie, hasi iwe ya mwisho.

Zungusha ufunguo kwa sekunde chache, usipite 10, kisha mpumzishe mgeni huyo dakika moja au mbili kabla ya kurudia. Pikapu yangu iliwaka mara ya kwanza, nayo mpaka leo huwaka. Stata ile ya zamani sikumpa mnunuzi wa chuma chakavu, ingawa alikuja mara mbili na mizani yake. Iko kwenye gunia chini ya kitanda, na mwezi uliopita fundi mmoja wa hapa Kilosa alimtuma mwanagenzi wake kuja kuomba bendiksi yake kwa ajili ya gari la mtu mwingine. Nikampa, nikamwambia arudi na jibu kama walikwisha kupima waya wa hasi.